Kiti cha Nyuma

Filipo alilipenda gari lake kiasi ambacho mke mwingine angelionea wivu. Penina hakulionea, kwa sababu ndilo lililowaweka mjini: Ist ya kijivu iliyowachukua watumishi wa serikali wale wale kila asubuhi kutoka Area D kwenda Mtumba na kuwarudisha jioni. Vifaa vya kuliosha vilikaa barazani ndani ya kreti ya soda, na mtu mwingine hakuruhusiwa kuvigusa. Palikuwa na shampuu ya gari, maana Filipo aliamini sabuni ya unga inakula rangi. Palikuwa na ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye milango usije ukakwaruza boneti. Palikuwa na taulo laini za kukaushia, na kwenye kukausha hakuwa na mzaha kabisa, kwa vile maji ya kisima ya Dodoma yana chumvi, na yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ambayo hata polishi inayaondoa kwa tabu. Alianzia juu ya paa, akashuka, akamalizia na matairi. Penina aliwahi kumtania kwamba angekuwa anaogeshwa yeye kwa utaratibu ule, asingezeeka.

Jumapili hiyo Filipo alikwenda kanisani kwa miguu, akamwacha mkewe nyumbani na mgonjwa. Alipokata kona tu, Penina akachukua funguo, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akainama kunusa kiti. Hakuwa na haja ya kuinama sana. Harufu ya mkojo ilimpokea mlangoni.

Mgonjwa alikuwa mama yake, Zipora. Jana yake walimfuata Kibakwe ili Alhamisi alazwe hospitali ya rufaa na afanyiwe upasuaji. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka, na jambo hilo alilificha kwa miaka, akilima nalo, akichota maji nalo, mpaka lilipomshinda. Barabara ya milimani iliwatikisa vibaya. Kabla hawajafika Mpwapwa, Zipora aliukamata mkono wa bintiye akaubana kwa nguvu, na Penina alipotazama chini aliona kitenge cha mama kimeloa na kiti kimeloa. Filipo mbele yao alikuwa anaendesha kwa vioo vya pembeni tu, kwa sababu kile cha ndani alikuwa amekigeuza kikaangalia paa tangu walipoondoka, asije akakutana macho na mkwe wake.

Hivyo ndivyo walivyolelewa kwao. Tangu aoe, Filipo hakuwahi kumpa mkono mama mkwe, wala kula naye chombo kimoja, wala kumwambia neno uso kwa uso. Walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama kwake, na kama kulikuwa na la zaidi, Penina alisimama katikati akalipeleka. Vijana wa mjini waliwacheka. Lakini kati ya wawili hao heshima ile ilikuwa kitu kizito, na Zipora aliiona kuwa ndiyo mali pekee aliyowahi kuletewa na mkwe isiyokwisha.

Ndiyo maana jana jioni, baada ya kuoga kwa muda mrefu kupita kawaida, alimwita bintiye chumbani akafunga mlango.

"Amejua?"

"Hajajua, mama. Madirisha yalikuwa wazi."

"Akijua, mimi narudi Kibakwe na hili tumbo langu hivi hivi. Siwezi kulala nyumba ya mkwe niliyemchafulia. Hata wanipasue bure, siwezi."

Penina alimfahamu mama yake. Hakuwa mtu wa kutishia. Na daktari alikuwa amesema wazi kwamba kuahirisha tena ni hatari, kwa sababu figo zilikuwa zimeanza kulalamika. Basi akamwahidi kwamba kiti kitatakata, na mkwe hatajua maisha yake yote.

*

Kosa la kwanza alilifanya Jumapili hiyo hiyo. Aliyaogopa makopo ya kwenye kreti kwa sababu Filipo alijua kila moja limefikia wapi, akachukua sabuni ya unga ya kufulia na maji ya moto, akasugua kwa brashi ya nguo. Povu lilijaa, akalikausha kwa khanga kuukuu. Alipomaliza, akasimama kuitazama kazi yake.

Kiti kilikuwa kimetakata kweli. Upande wa kushoto, pale alipokaa mama, kilikuwa na rangi ya maziwa. Kwingine kote kilikuwa na rangi ya Dodoma. Vumbi la miaka lilikuwa limeingia kwenye kitambaa taratibu kiasi kwamba hakuna aliyejua kiti kile kilizaliwa cheupe. Sasa mtu hata kama hana pua angeuliza kulikoni. Penina akachota maji mengine, akasugua na upande wa kulia. Kisha akaona kiti kinausuta mlango, akausugua mlango. Kisha viti vya mbele vikaonekana vichafu kuliko vyote, na hapo kengele ya kanisani ikalia kuashiria ibada imekwisha. Akatandika kitenge kipya juu ya kiti cha nyuma, akafunga gari, akarudi jikoni akiwa amelowa mpaka magotini.

Filipo alipouliza kitenge ni cha nini, alimjibu kwamba jua linababua viti. Akakitazama kile kitenge, akamtazama yeye, akasema ni vizuri.

*

Jumatatu, gari lilipokwenda Mtumba, Penina alikwenda kwa Jaha. Jaha alikuwa na duka la vifaa vya kusafishia magari karibu na soko la Majengo, duka la marehemu baba yake, ambaye naye alilirithi kwa babake likiwa la taa na mafuta ya taa. Lilikuwa limejaa mpaka dari: shampuu za rangi zote, polishi za kopo, dawa za dashibodi, mafuta ya kung'arisha matairi, dawa za kuondoa lami, manukato ya kuning'iniza. Penina alisimama mbele ya rafu asijue hata pa kuanzia kutazama. Madereva wawili walikuwa wameegemea kaunta, na mmoja akamwuliza kama amekuja kununua gari au kuliosha. Mwenzake akacheka.

Jaha hakucheka. Aliuliza kiti ni cha kitambaa au cha ngozi, na kimemwagikiwa nini.

"Maziwa," alisema Penina. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima.

Jaha akauliza mabichi au ya mgando, na lini. Penina akasema ya mgando, juzi. Jaha akataka kujua kama ameshakigusa kwa kitu chochote, na aliposikia sabuni ya unga na maji ya moto, akafumba macho kidogo, namna mtu anavyosikia habari ya msiba wa mbali. Maji ya moto, alieleza, yanaipeleka harufu ndani na kuipikia huko. Juu kutatakata na chini kutabaki vile vile. Sponji ndilo lililokunywa, na sponji haliponi kwa kusuguliwa kitambaa. Kiti kifunguliwe, kitolewe nje, kinyweshwe siki iliyochanganywa na maji baridi, kikamuliwe, kimwagiwe magadi soda, kianikwe juani mpaka kikauke chini na juu.

Penina akasema kiti hawezi kukitoa. Hakueleza kwa nini. Jaha akawatazama wale madereva, akazunguka kaunta, akamsogelea akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, una mgonjwa nyumbani? Kama ni mgonjwa niambie, hakuna aibu. Mimi baba yangu nilimuuguza mwenyewe."

Ilikuwa huruma ya kweli, na Penina aliijua kuwa ni ya kweli. Ndiyo iliyomchoma. Aliona kwamba akisema ndiyo, siri ya mama yake itakuwa imetoka ndani ya nyumba na kukaa Majengo, katika mdomo wa mtu asiyemjua.

"Nimekwambia maziwa," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka.

Jaha akarudi nyuma ya kaunta bila kuudhika. Penina akachagua mwenyewe: povu la kunyunyizia viti, kopo kubwa lenye picha ya gari linalometameta, na manukato ya kuning'iniza yaliyokuwa makali kuliko yote, ya asumini. Jaha alimfungia, akamwambia kwaheri, na yale ya siki hakuyarudia tena.

Mchana Filipo alirudi kupumzika kama kawaida yake kabla ya safari ya jioni. Alipoanza kukoroma, Penina akatoka na povu lake. Akalinyunyiza viti vyote, vya mbele na vya nyuma, akasubiri, akafuta kwa kitambaa kibichi na kisha kikavu, kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Viti vikawa vya rangi moja. Akaning'iniza asumini. Akafunga milango akanusa, na alichokisikia kilikuwa asumini peke yake. Alikwenda kumwambia mama kwamba kazi imekwisha. Zipora, aliyekuwa amekaa kitandani na mfuko wake wa safari miguuni, alimsikiliza, kisha akausukuma mfuko chini ya kitanda. Penina alifurahi siku hiyo. Alipika mlenda na ugali, na mama yake akala.

*

Asumini ilikaa mpaka jua la Jumanne lilipolipiga gari kwenye maegesho ya Mtumba, ambako siku hiyo Filipo alishinda nalo na ambako hakuna hata mti wa kusingizia. Jioni Filipo alinawa mikono, akakaa mbele ya ugali wake, akaeleza habari za siku kama alivyozoea. Akasema Bwana Yahaya wa uhasibu amesafiri kichwa kikiwa nje ya dirisha njia nzima. Akasema mama mmoja wa masijala ameuliza kama siku hizi gari linabeba na beberu, na wote wakacheka. Na Bwana Yahaya alipofika alimwambia, kwa adabu, kwamba kesho atapanda daladala, ana shughuli mjini.

Penina akarudisha tonge lake sahanini. Sasa ataniuliza, alijisemea, na nikiulizwa sitaweza kudanganya. Filipo akachovya tonge, akaisifu mboga, akauliza kama maji ya bomba yatatoka kesho. Hakuuliza kingine.

Kilichomwumiza zaidi ni kwamba ukuta wa chumba cha mama ulikuwa mwembamba. Alipokwenda kumpelekea maji ya kunywa, aliukuta ule mfuko umetoka chini ya kitanda, umesimama mlangoni, umefungwa kamba.

"Beberu," alisema Zipora, na hakuonekana kukasirika. "Basi la Mpwapwa linaondoka saa ngapi?"

Penina akaketi sakafuni akalia. Alimwomba asubiri angalau kesho ipite. Alisema watapanda bajaji kwenda hospitali, gari la Filipo wasiliguse. Zipora akamjibu kwa upole kwamba bajaji itamfikisha hospitali, sawa, lakini akitoka huko ataletwa wapi? Si atarudishwa kwenye nyumba hii hii, alale wiki kadhaa, auguzwe, na mkwe anapita sebuleni akijua. Yeye ni mtu mzima. Kuna magonjwa mtu anayavumilia, na kuna mengine hayavumiliki. Kufa Kibakwe akiwa mkwe wa watu aliona ni nafuu kuliko kupona Dodoma akiwa beberu.

Hata hivyo alikubali kungoja mpaka Alhamisi alfajiri, kwa sababu Jumatano basi lile lilikuwa na wasafiri wengi, au kwa sababu binti yake alikuwa analia.

*

Jumatano Filipo alirudi kabla ya muda wake. Penina alikuwa anafua, na Zipora alikuwa kwenye mkeka uani akichambua majani ya mlenda. Aliposikia gari, Zipora alikusanya ungo wake akaingia jikoni, kama alivyofanya kila mara mkwe alipofika, ili asimkwaze. Jiko lilikuwa kibanda cha matofali pale pale uani, na mlango wake ulikuwa pazia.

Filipo hakuingia ndani. Alivua shati la kazini, akalitundika kwenye kamba, akaleta kreti ya soda na sanduku la spana. Akafungua milango ya nyuma yote miwili, akalala kifudifudi, na Penina akasikia boliti zikilegezwa moja baada ya nyingine. Akabaki ameshika nguo iliyojaa povu. Filipo alikitoa kiti cha nyuma chote, akakibeba kifuani, akakilaza katikati ya ua, tumbo juu. Sponji lilikuwa limebadilika rangi upande mmoja, na doa lilikuwa kubwa kuliko Penina alivyowahi kulifikiria.

Jikoni, sauti ya majani ilikuwa imekoma.

"Penina," alisema Filipo, na aliongea kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama karibu. Alikuwa anatazama kiti. "Unajua nimekuwa nasikia harufu humu ndani, leo ndiyo nimekumbuka. Jumatatu nilimpa lifti mama mmoja pale njiani, ana mtoto mdogo anaumwa. Nadhani yule mtoto ndiye aliyeloanisha kiti."

Jumatatu Filipo hakumpa mtu lifti, kwa sababu gari lilikuwa limejaa watumishi asubuhi na limejaa watumishi jioni, na mchana lilikuwa hapa uani. Penina aliyajua hayo. Na aliyekuwa nyuma ya pazia aliyajua pia, kwa kuwa tangu afike hakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza gari lile linatoka na kuingia.

"Nikasema nikirudi nitakitoa nikioshe," aliendelea Filipo. "Kitu kama hiki hakitaki hasira, kinataka siki. Kuna siki jikoni?"

Siki ilikuwepo. Lakini Penina hakupata nafasi ya kwenda kuitafuta. Pazia lilisogea kidogo upande wa chini, na mkono wa Zipora ukatoka na chupa, ukaiweka chini kwenye kizingiti, ukarudi ndani. Penina akaiokota akampelekea mumewe.

Filipo alichanganya siki na maji baridi kwenye ndoo ya kwanza. Akamwagia sponji mpaka likashiba, akaliacha, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili, maji yakatoka ya manjano, akamwagia tena. Alifanya bila haraka na bila kukunja uso. Mkewe alipiga magoti upande wa pili ili amsaidie, na alipomwona mume wake anavyouzamisha mkono ndani ya maji yale aliyokatazwa na mila hata kuyajua, alishindwa kujizuia, machozi yakamtiririka. Alitaka kumwuliza amejua tangu lini. Kisha akakikumbuka kile kitenge, na namna Filipo alivyokitazama, na hakuona sababu ya kuuliza.

"Nilichotaka kumwambia yule mama," alisema Filipo, akiwa bado anaongea na sponji, "ni kwamba asione haya. Barabara ni mbovu na mtoto ni mgonjwa, angefanyaje? Niliogopa tu asije akamficha nyumbani akaacha kumpeleka hospitali kwa sababu ya kiti. Kiti kinaoshwa. Nikikutana naye nitamwambia gari lipo, apande na mtoto wake wakati wowote, kwenda na kurudi."

Akachukua magadi soda, akayanyunyiza juu ya sponji lote mpaka likawa jeupe. Kisha akakiinua kiti, akakiegemeza ukutani, jua likipige. Akaanza kunawa mikono kwenye ndoo ya pili.

Kuku wa jirani alipita, akayadonoa yale magadi, akaenda zake. Penina alikuwa anakodolea macho pazia la jikoni, kwani sasa hapakuwa tena na siri ya kulinda. Kama mama yake alitaka kuondoka, sababu yake ilikuwa imeanikwa ukutani.

"Penina," iliita sauti ya Zipora kutoka ndani.

"Abee, mama."

"Mwambie baba huyo," alisema Zipora, akasafisha koo, "mwambie kwamba yule mtoto anashukuru. Na kesho atapanda."

Filipo alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Alibaki na maji yakimdondoka mikononi, amewapa mgongo wote wawili, anangoja. Penina akafuta machozi kwa upande wa khanga, akavuka ua, akasimama mbele ya mumewe, akamfikishia maneno ya mama neno kwa neno. Naye Filipo aliyasikiliza mpaka mwisho, kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.